Kisanduku Kilichodai Asante

Ipo nchi iitwayo Shukurani. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake zote zilikusanywa zikachomwa moto siku ilipogundulika kwamba nchi jirani imechorwa kubwa kuliko yenyewe. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina milima, ina Rais mmoja ambaye cheo chake rasmi ni Mtukufu Mfadhili, na ina wananchi milioni kumi na moja ambao kazi yao kuu, kwa mujibu wa ibara ya kwanza ya Katiba, ni kushukuru.

Hapo mwanzo walishukuru kwa mdomo, na jambo hilo lilileta taabu. Mtu aliweza kusema asante huku moyoni anatukana. Tena asante ya mdomo haina ushahidi; ikishatoka imepotea hewani, nayo Serikali haiwezi kuiweka kwenye jalada. Basi Waziri wa Hewa na Mawimbi, Mheshimiwa Daktari Shavukuu, akaenda nchi za theluji kwa mafunzo ya siku tisini, akarudi amenenepa, na dawa ameipata.

Dawa yenyewe ilikuwa kisanduku cheupe chenye antena mbili, kama masikio ya sungura aliyestuka. Kiliitwa Asante. Kazi yake ilikuwa kugawa intaneti bila waya, kama ruta nyingine zozote ulimwenguni. Ila kabla hakijakufungulia ukurasa wowote, kilikuonyesha kwanza picha ya Mtukufu Mfadhili ameshika jembe jipya ambalo bado lina karatasi ya dukani. Kisha hotuba ya dakika tatu. Kisha kitufe chekundu, ASANTE, ambacho ulitakiwa kukibonyeza mara saba. Ukibonyeza upesi upesi, maandishi yalitokea: "Asante yako haikutoka moyoni. Tafadhali rudia." Unaanza tena na jembe.

Kila nyumba ikapewa kisanduku, kila shule, kila zahanati. Minara ya simu ikashushwa, kwa kuwa ilionekana inawapa watu njia ya kuongea bila kushukuru.

"Huu ni ubunifu wa kizalendo asilimia mia!" alinguruma Mheshimiwa Shavukuu siku ya uzinduzi. "Vijana wetu wenyewe wameiandika programu hii, tangu herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho!"

Wananchi wakapiga makofi. Vijana hao hawakutajwa majina. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa kijana mmoja tu, shemeji yake Waziri, na ana wajukuu.

Mjini Kwamchele, mbali kabisa na makao makuu, palikuwa na zahanati yenye vyumba vitatu, na zahanati hiyo ilikuwa na fundi wake, Sikudhani Mkolwe. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Baba yake alikuwa akitengeneza redio, naye alikulia katika harufu ya risasi ya kulehemu kama wenzake walivyokulia katika harufu ya maandazi. Zahanati ilimwajiri aangalie friji ya chanjo, taa za sola na kile kisanduku cheupe. Siasa hakuwa nayo. Kwa miaka miwili alibonyeza ASANTE kama watu wote, huku akipiga miayo, na wala hakuwahi kujiuliza neno.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, aliletwa Nasra Chitemo, binti muuza vitumbua wa pale sokoni, mimba yake ya kwanza. Nesi Mwajabu, ambaye ndiye alikuwa nesi, mkunga na mfagiaji wa zahanati ile, alimpima, uso ukambadilika.

"Mtoto katanguliza miguu," alimnong'oneza Sikudhani mlangoni. "Mimi hili nimeliona kwenye kitabu tu. Da Siku, nifungulie daktari wa hospitali kuu, haraka!"

Hospitali kuu kulikuwa na daktari bingwa ambaye kila asubuhi alikaa mbele ya kioo cha kompyuta kuwaelekeza manesi wa mbali: shika hapa, geuza hivi, usivute. Sikudhani akainua simu ya zahanati. Mtukufu Mfadhili akatokea na jembe lake.

"Ndugu Mshukuru," hotuba ikaanza, sauti imejaa asali, "kabla hujapata, hebu kumbuka ulivyokwisha kupata…"

Huko ndani Nasra akapiga ukelele. Hotuba ilipokwisha Sikudhani akabonyeza, ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta.

Asante yako haikutoka moyoni. Tafadhali rudia.

"Vipi?" aliita nesi.

"Kinasema nirudie!"

"Rudia basi, mwanangu wee! Miguu imeshatoka, kichwa kimenasa!"

Akarudia. Jembe, asali, kitufe. Vidole vilikuwa vinamtetemeka, na kidole kinachotetemeka kilihesabiwa kuwa kina haraka. Akarudia tena. Alimwomba Mungu, akamtukana Waziri, akarudia. Mara ya tisa kisanduku kikaridhika, na uso wa daktari ukajitokeza, mwema, miwani puani.

"Naam, Kwamchele. Mtoto anapumua?"

Nesi Mwajabu alikuwa ameshamfunika mtoto kanga, mpaka usoni.

Wiki mbili baadaye ikaja barua yenye mhuri wa dhahabu. Wizara ilikuwa na furaha kuifahamisha zahanati ya Kwamchele kwamba, kwa mujibu wa mitambo, tarehe fulani, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, imetoa asante sitini na tatu mfululizo. Hakuna taasisi iliyowahi kushukuru kwa kasi ile tangu Uhuru. Mheshimiwa Waziri angefika mwenyewe kutoa kombe.

Akafika kweli, na bendi ya matarumbeta, na magari kumi na sita, na turubai la kumkinga na jua lililokuwa limekwisha fichwa na mawingu. Mganga wa wilaya alijaribu kumweleza jambo sikioni. Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa huzuni kidogo, kiasi cha itifaki, kisha akauliza:

"Na huyo mama mwenyewe yuko wapi? Aliyesababisha shukrani hizi? Tumpige picha."

Wakamleta Nasra. Alikuwa amejifunga kanga mbili, kifuani pamelowa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Mheshimiwa akalichukua kombe, kubwa, la bati lililopakwa rangi ya dhahabu, akamwekea mikononi.

"Lishike vizuri, mama," alisema akitabasamu kuielekea kamera. "Lipakate. Kama mtoto. Ee, hivyo hivyo!"

Nasra akalipakata. Kamera zikalia. Watu wakapiga makofi, maana afisa itifaki alikuwa ameinua mkono.

Sikudhani alizunguka nyuma ya zahanati, akashika ukuta, akatapika. Alitapika uji wa asubuhi, akatapika chai, na vilipokwisha akaendelea kutapika nyongo. Alipoinuka, alikwenda moja kwa moja nyumbani, akang'oa kisanduku cheupe ukutani kwake, akakiweka mezani, akachukua bisibisi.

Sheria ya Shukrani, kifungu cha nne, inasema kukifungua kisanduku ni sawa na kumpasua Mtukufu tumbo. Sikudhani alipasua. Ndani hakukuwa na maajabu: kibao cha kijani, vijidude vyeusi kama kunguni, na vitundu vinne vimejipanga pembeni. Fundi yeyote akiona vitundu vya namna hiyo anajua ndipo kifaa kinapotolea siri zake. Akalehemu nyaya tatu, akaziunganisha na kompyuta yake kuukuu, akawasha.

Maandishi yakaanza kumiminika. Alisogeza miwani. Kwanza alidhani hajaelewa, akazima, akawasha tena. Programu ya kizalendo, ile iliyoandikwa na vijana wetu tangu herufi ya kwanza, ilikuwa imejaa majina ya watu asiowajua, majina ya kila bara, mamia, na chini ya majina yale maneno haya: programu hii ni huria, chanzo chake kiko wazi, unaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwenzio, mradi na yeye umwachie ruhusa hiyo hiyo.

Watu wa watu walikuwa wamekaa huko makwao wakaandika ruta nzima bure, kwa ajili ya yeyote. Shemeji wa Waziri alichokifanya ni kuongeza picha, hotuba na kitufe. Ni kama mtu aliyekuta kisima kimechimbwa na wapita njia, akaweka mlango na bawabu, akasema maji ameyaumba yeye. Na hakuwa hata na adabu ya kufuta majina ya wachimbaji.

Ili kuipata programu ile ikiwa safi, Sikudhani alihitaji intaneti. Akaenda zahanati, akaketi mbele ya Mtukufu, akasikiliza hotuba yote, akabonyeza mara saba polepole, akiwawazia wale wenye majina. Kisanduku kikakubali papo hapo. Nadhani hiyo ndiyo asante pekee iliyowahi kutoka moyoni katika wilaya ile.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kumbukumbu ya kisanduku ilikuwa ndogo, na programu safi ilikuwa na mambo mengi. Ilibidi apunguze hiki, abakize kile, kama mtu anayehamia chumba kimoja. Mara ya kwanza alikosea, kisanduku kikafa kabisa, kikawa tofali. Akakifufua kwa zile nyaya. Mara ya pili kikawaka lakini hakikutoa mawimbi. Mara ya tatu taa zote zikatulia kijani. Hapo akaongeza amri moja ya kwake: simu ya zahanati kwenda kwa daktari ipite kwanza, kabla ya kitu chochote na mtu yeyote. Kisha akaihamishia kwenye kisanduku cha zahanati.

"Tayari?" aliuliza Nesi Mwajabu.

"Tayari. Jaribu."

Nesi akagusa simu. Daktari akatokea kabla hajashusha kidole.

"Hotuba iko wapi?"

"Hakuna."

"Na Mtukufu?"

"Hayumo."

Nesi alitazama mlangoni, akatazama dirishani, akateremsha sauti. "Da Siku, tutafungwa."

"Mimi nitafungwa. Wewe zalisha."

Mwezi ule ule mke wa mchoma mkaa alimwaga damu baada ya kujifungua, na daktari akamwelekeza Mwajabu neno kwa neno mpaka damu ikakata. Mama na mwana walirudi nyumbani kwa miguu yao. Habari zikatembea. Kwanza ikaja zahanati ya jirani, kisanduku kimefichwa ndani ya kapu la mihogo. Kisha shule. Kisha watu wa kawaida tu, waliochoka. Sikudhani hakumkatalia mtu. Kila aliyekuja alipewa programu kwenye flashi na kurasa sita zilizoandikwa kwa mkono, hatua kwa hatua, ili na yeye amfanyie mwenzie. Ndivyo ruhusa ilivyosema.

Huko Wizarani kulikuwa na ramani ya umeme ukutani, kijani panaposhukuriwa, kahawia pasiposhukuriwa. Wilaya ya Kwamchele ikaanza kukauka. Kwanza waliitwa wataalamu wa hali ya hewa. Waliposema hawahusiki, ikaundwa Tume ya Kuchunguza Ukame wa Shukrani, chini ya Jaji Mstaafu Ngwelele, mzee aliyekwisha kuongoza tume kumi na nne na ambaye bado alikuwa anasoma ripoti ya ile ya kwanza. Haikuchukua muda kumpata mkosaji. Chini ya kila ukurasa wa maelezo Sikudhani alikuwa ameandika jina lake, kama wale walioandika programu.

Kikao kilifanyika ukumbi wa wilaya, mbele ya watu wote, ili wapate funzo. Sikudhani alisimama, mikono nyuma. Nasra alikaa safu ya mbele. Serikali ilikuwa imemleta kama mwananchi bora.

"Wewe mama," alianza Jaji, "unashtakiwa kwa kuondoa roho ya kifaa cha Serikali na kutia roho ngeni. Roho hiyo uliitoa wapi?"

"Sikutia ngeni, Mheshimiwa Jaji. Ni ile ile iliyokuwemo. Mimi nimepangusa tu rangi. Ni programu ya chanzo wazi."

Minong'ono ikapita mezani. Mheshimiwa Shavukuu, aliyekuwa mlalamikaji, shahidi na mjumbe wa Tume, akanyoosha kidole.

"Wazi? Chanzo kiko wazi? Na nani aliyekiacha wazi?"

"Walioandika."

"Umeona, Mheshimiwa Jaji! Kitu kikiachwa wazi, inzi wanaingia! Naomba iingie kwenye kumbukumbu: Wizara yangu itakifunga chanzo hicho ndani ya siku saba, kwa kufuli mbili."

"Na hao walioandika," alisema Jaji akikoroma kidogo kisha akijistua, "waitwe wafike Jumatatu saa mbili kamili, na vitambulisho vyao."

Karani akauliza waitwe wangapi. Sikudhani akasema kwa hesabu yake ni mia nane na kitu, wengine wameshafariki. Jaji akasema hao waje saa nne.

Hakuna aliyecheka. Katika nchi ile kucheka kikaoni kuna fomu yake.

"Naomba kusema neno moja la mwisho," alisema Sikudhani. "Ndani ya kisanduku nimekuta na orodha. Ni visanduku arobaini na kimoja visivyotakiwa kuulizwa asante hata mara moja. Cha kwanza ni cha Ikulu. Cha pili ni cha nyumbani kwa Mheshimiwa Waziri. Cha tatu ni cha shemeji yake. Vyao vinafunguka hapo hapo. Wake zao wakiugua, daktari anapatikana hapo hapo."

Nasra alinyanyuka kwenye kiti chake cha mwananchi bora.

"Kwa hiyo ilikuwa inawezekana?" aliuliza. Hakumwuliza Sikudhani, alimtazama Waziri. "Mlijua kwamba inawezekana?"

Mheshimiwa Shavukuu hakutahayari. Alivua miwani, akaifuta, na sauti yake ikawa ya mlezi mwenye subira.

"Mama, sisi ndio tunaoshukuriwa. Tukibonyeza na sisi, tutakuwa tunajishukuru wenyewe, na huo ni ubinafsi. Hebu fikiri! Mtukufu akatae ubinafsi, halafu nyinyi mnaona ni kosa?"

Makofi yalipigwa mezani. Wajumbe wawili walitokwa na machozi kwa jinsi kauli ile ilivyokuwa na unyenyekevu. Nasra aliendelea kusimama mpaka askari wawili wakaja kumkalisha, akakataa kukaa, wakamtoa nje akiwa amesimama hivyo hivyo, kama wanahamisha nguzo.

Sikudhani alihukumiwa miezi kumi na minane, na akapigwa marufuku kugusa kitu chochote chenye antena.

Wizara ikavikusanya visanduku mia tatu vya Kwamchele ili kuvirudishia kitufe. Hapo ndipo aibu ilipotokea. Shemeji, alipoulizwa, alisema yeye alivinunua ng'ambo vikiwa vimeshawekewa hotuba, kitufe na kila kitu. Wataalamu wa Wizara walikuwa na shahada za kushukuru. Nchi nzima ikatafutwa, wote waliopewa zile kurasa sita wakaapa hawajui kusoma, na mtu aliyejulikana kuweka programu ndani ya kisanduku kile alikuwa mmoja, na yuko gerezani, anachambua maharage.

Mheshimiwa alikwenda mwenyewe. Visanduku vilishushwa kwa lori, vikapangwa uani.

"Mama Mkolwe," alisema, sasa akimpa jina lake, "Serikali ina huruma. Turudishie Asante humo, utoke leo hii. Unaweza?"

"Naweza."

"Ehe!"

"Sitaki."

Mheshimiwa alidhani hakusikia vizuri. "Unajua kufanya, lakini hutaki?"

"Ndiyo. Nilimwona mtu amepewa kombe apakate."

Waziri hakukumbuka ni kombe gani. Alikuwa ameshagawa mengi. Aliandika kwenye faili kwamba mfungwa anakiri kujua, na Sikudhani akaongezewa miezi sita kwa kosa la kujua bila kibali. Visanduku vikarudishwa Kwamchele vile vile vilivyokuwa, na hati yenye mhuri kwamba vimeshatengenezwa.

Aliitumikia yote. Siku aliyofunguliwa, Nesi Mwajabu alimngojea mlangoni na gazeti la Serikali. Ukurasa wa kwanza ulisema shukrani za taifa zimevuka bilioni kumi kwa mwezi. Ramani ya umeme ilikuwa imekauka pote, ikazimwa, na Wizara sasa ilihesabu kwa makadirio. Kwa mafanikio hayo Mheshimiwa Shavukuu alikuwa amepandishwa, akapewa Wizara ya Barabara na Madaraja.

Wakaenda kwa Mwajabu. Nasra alikuwapo, amevaa koti la zahanati, anajifunza ukunga. Yeye ndiye aliyekuwa amenakili zile kurasa sita, mara nyingi mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Hakukuwa na zahanati hata moja upande ule yenye kitufe. Alimmiminia Sikudhani chai ya maziwa, nzito, yenye iliki.

"Mmezalisha wangapi tangu niondoke?" aliuliza Sikudhani.

"Mia moja na tisa," Mwajabu alijibu.

"Waliokufa?"

Mwajabu alimtazama Nasra.

"Mmoja," alisema Nasra. "Alikuwa mama. Wiki iliyopita. Daktari alipatikana hapo hapo, akaona hali, akasema huyu ni wa kupasuliwa, mpakieni mumlete sasa hivi. Tukampakia. Tulikwenda mpaka mtoni, kwenye daraja jipya, lile alilolizindua Mheshimiwa Shavukuu mwezi wa tatu."

"Likawaje?"

"Utepe tuliukuta. Na jiwe la msingi lenye jina lake. Daraja hamna."

Sikudhani alikuwa ameshafikisha kikombe mdomoni. Alikirudisha mezani, na chai ikapoa palepale bila kunywewa.